Kivuli cha Kitufe Namba Tatu

Kazi ya Munga Mwarandu ilikuwa ngumu kumweleza mtu. Akiulizwa kanisani kwao, mtaa wa Shika Adabu, alijibu kwamba anatengeneza programu za kompyuta, na watu wakaridhika. Lakini ukimbana zaidi alikiri kwamba sehemu kubwa ya siku yake ilikwenda katika kuchora: vitufe, visanduku vya kuandikia, na vivuli vya vitu hivyo. Kivuli cha kitufe ni ule utepe wa kijivu unaouona chini na upande wa kulia wa kitufe kwenye kioo cha kompyuta, unaokufanya udhani kitufe kimeinuka na kinangoja kidole chako. Hakuna kilichoinuka. Kioo ni bapa kama sahani. Ni nukta tu, zimepakwa kijivu kizito karibu na kitufe, kisha hafifu, kisha hafifu zaidi, mpaka zinapotea.

Alikuwa na mkono mzuri kwa kazi hiyo. Vivuli vyake havikuwa vyeusi mno wala vya kubahatisha, na watu waliotumia programu zake hawakuviona kabisa. Waliona vitufe tu, wakabonyeza.

Alikuwa mzaliwa wa Rabai, mtu wa miaka thelathini na minane, mrefu, mpole wa maneno, aliyehamia Likoni alipomwoa Sidi, mwalimu wa chekechea. Kila asubuhi alivuka feri kwenda Nyali, kwenye ofisi ya vyumba viwili alikofanya kazi na Griffin. Griffin ndiye mwenye kampuni, kijana wa Kisumu aliyekuja Mombasa likizo ya wiki moja akakaa miaka tisa. Griffin alitafuta wateja, Munga akaandika programu. Na mwaka ule Griffin alipata mteja mkubwa kuliko wote, kiwanda cha kusaga mahindi huko Changamwe.

Mahindi ya kiwandani yalitoka kwenye mapipa marefu ya chuma, yakabebwa na mikanda mitano ya mpira mpaka kwenye mashine za kusaga. Zamani mikanda iliwashwa na kuzimwa kwa swichi za ukutani. Sasa wakubwa walitaka mtu mmoja akae chumbani, mbele ya kompyuta, aiendeshe yote. Munga akaupa kila mkanda kitufe kikubwa kilichoandikwa SIMAMA. Ukikibonyeza, kinazama. Kivuli chake kinaondoka na mkanda unazimwa kabisa. Kama kina kivuli, basi mkanda uko kazini, hata ikiwa kwa wakati huo umetulia ukingoja mahindi yashuke. Munga alitaka kitufe kilichozama kiwe chekundu. Kiwanda kikakataa. Vitufe vyote viwe na kijani cha kiwanda, walisema, kama mifuko ya unga. Basi tofauti yote ikabaki kwenye kivuli.

Na kivuli cha kitufe kina tabia moja. Kitufe hakiwezi kuchora chochote nje ya mipaka yake, na kivuli kiko nje ya mipaka. Kwa hiyo kivuli huchorwa na ile sakafu ambayo kitufe kimekaa juu yake. Kitufe chenyewe hakijui kama kivuli chake kipo. Sakafu nayo hukiuliza kitufe: umeinuka au umezama? Ikiuliza kabla ya wakati, hupata jibu la uongo, na huchora uongo huo.

Wiki mbili kabla ya kuikabidhi programu, saa kumi na moja jioni, Munga alikuwa akiijaribu. Kidirisha kikatokea katikati ya kioo, "Stakabadhi imechapishwa." Akakifunga. Hapo akaona kitufe cha mkanda wa tatu hakina kivuli. Kimezama, na yeye hajakigusa. Akasogeza mausi. Kivuli kikarudi. Alikifungua na kukifunga kile kidirisha mara sita zaidi, na kila mara kivuli kilikuwa mahali pake. Alitaka kuwahi feri kabla foleni haijafika barabarani.

"Kivuli tu hicho," akajiambia, akazima kompyuta.

Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa Machi, saa sita na robo mchana, Eddah Mramba alipoingia chumba cha mitambo kumpokea mwenzake wa zamu ya asubuhi. Eddah alikuwa na umri wa miaka arobaini na mitano, na kumi na minane kati ya hiyo alikuwa ameimaliza kiwandani hapo, tangu enzi za swichi za ukutani. Alichapisha stakabadhi ya lori lililokuwa likingoja langoni, akakifunga kidirisha, na mara redio ya mkononi ikakoroma. Alikuwa Nguma, fundi wa mikanda.

"Dada Eddah, kuna kipande cha gunia kimenasa huku namba tatu. Umezimwa?"

Eddah akatazama kioo. Kitufe cha tatu kilikuwa kimezama. Akadhani mwenzake ndiye aliyekibonyeza kabla ya kutoka.

"Umezimwa, kaka. Ingia."

Nguma alipaswa kwanza kuifunga swichi kuu kwa kufuli lake, ili mkanda usiwake hata akitokea mtu wa kuuwasha. Kufuli hilo lilipotea mwaka uliotangulia na hakuna aliyeleta jingine. Alipanda, akajilaza juu ya mpira, akaanza kulikata gunia kwa kisu. Dakika nne baadaye mahindi yakashuka, na mkanda ambao haukuwa umezimwa ukaanza kwenda.

Alikuwa na miaka thelathini na mmoja.

Meneja na polisi walipofika chumbani, kitufe cha tatu kilikuwa kimeinuka, na kivuli chake chini yake. Kumbukumbu za programu zilionyesha kwamba hakuna aliyebonyeza SIMAMA tangu asubuhi. Eddah alikuwa bado kwenye kiti chake. Alisema neno moja tu, akalirudia.

"Hakikuwa na kivuli. Nilitazama, wallahi hakikuwa na kivuli."

Askari aliyekuwa akiandika akasita. Neno hilo huku pwani lina maana zaidi ya moja, hata roho ya mtu huitwa hivyo, na mtu amekufa mlango wa pili.

"Kivuli cha nani, mama?"

"Cha kitufe."

Askari akamtazama meneja, kisha akafunga daftari lake.

Jumatatu Griffin alimtuma Munga kiwandani akaikague programu. Njiani hakumwaza Nguma, ambaye alikuwa amemwona mara mbili tu. Aliwaza saa kumi na moja ya jioni ile ofisini. Alipofika alimkuta Eddah kwenye benchi la nje, amevaa nguo za kwendea kanisani, kama mtu aliyeitwa kujieleza mbele ya wakubwa.

"Kaka Munga," alisema, akasimama. "Utakiangalia, siyo? Wewe utakiona."

"Nitakiangalia, dada."

Alikaa kwenye kiti cha Eddah na kukibonyeza kila kitufe. Vikazama, vikainuka. Vivuli vikatoka na kurudi. Akafungua kidirisha cha stakabadhi na kukifunga mara ishirini. Hakuna kitu. Meneja alikuwa amesimama nyuma yake, na nyuma ya ukuta mikanda minne ilikuwa ikivuma. Wa tatu ulikuwa kimya. Munga akachukua karatasi akaandika kwamba programu inafanya kazi sawasawa na kwamba hakuona kasoro yoyote. Yote mawili yalikuwa kweli kwa saa hiyo. Akatia saini. Alipotoka alipitia mlango wa nyuma ili asipite mbele ya lile benchi.

Eddah aliachishwa kazi wiki hiyo hiyo. Faili la kifo likapelekwa mahakamani ili hakimu achunguze, na nakala ya ile karatasi ikiwa ndani yake.

Mwezi wa Machi jua la Mombasa hukaa utosini. Ikifika saa sita na nusu, mlingoti hauna kivuli, na mtu anakanyaga chake chote kwa nyayo zake mbili. Munga amezaliwa chini ya jua hilo na hakuwahi kulitilia maanani. Siku tatu baada ya kutia saini alitumwa ng'ambo mchana, na feri ilipoteremsha watu Likoni akawaona wakipanda ule mteremko wa saruji, mamia, na mizigo yao, na baiskeli zao, na hakuna hata mmoja mwenye kivuli. Wamezama wote. Alisimama pale pale akiwatazama mpaka watu wa nyuma wakaanza kumsukuma. Mama mmoja aliyebeba ndoo ya samaki akamgusa bega.

"Baba, waumwa?"

"Hapana, mama. Jua tu."

Tangu siku hiyo hakutoka ofisini kati ya saa tano na saa tisa. Chakula cha mchana alikila kwenye meza yake, mapazia yamefungwa. Griffin alidhani anafanya bidii.

Alikuwa akiandika programu ya duka moja la dawa Kisauni, kazi ndogo isiyo na hatari kwa mtu. Siku moja alifungua ukurasa wa kuorodhesha dawa, akaona pembeni chini kivuli kisicho na kitufe. Utepe wa kijivu, umepinda kwenye kona, unazunguka mahali patupu. Akapima kwa nukta. Kilikuwa na upana na urefu wa kile kitufe cha SIMAMA, na programu ya dawa haikuwa na kitufe cha namna hiyo. Akakifuta. Kesho yake kikatokea kwenye ukurasa mwingine. Akatafuta akaipata sababu. Ile sehemu ya kuchora sakafu alikuwa ameinakili kutoka kwenye programu ya kiwanda, na ndani yake kulikuwa bado na orodha ya vitufe vya zamani, na sakafu iliendelea kuvichorea vivuli ingawa vyenyewe havikuwepo tena. Ni jambo la kawaida katika kazi hiyo. Fundi yeyote angelicheka. Munga aliifuta orodha, akazima kompyuta, akakifunika kioo kwa gazeti.

Na nyumbani alibadilika. Sidi alianza kuliona kwenye vikombe. Kabla ya kuweka kikombe mezani, Munga alipapasa kwanza ubao kwa vidole, kama kipofu. Alikuwa akiinama kutazama chini ya vitu, chini ya kiti, chini ya sufuria jikoni. Jumapili moja Sidi alimkuta uani amekaa mbele ya kamba ya nguo, anatazama shati lake likipeperuka na kivuli chake ukutani, na kila upepo ukitulia alikuwa akishusha pumzi.

"Munga, unatafuta nini?"

"Sitafuti kitu."

"Wiki tatu sasa unatafuta."

Munga akalianua shati, akaingia ndani. Lakini kesho yake, badala ya kwenda Nyali, alipanda gari la Changamwe akaulizia nyumbani kwa Eddah Mramba, huko Chaani. Alikwenda ili amwambie. Hilo aliniapia baadaye mara nyingi, na mimi ninayeandika haya naliamini.

Eddah alikuwa na vyumba viwili nyuma ya duka la mkaa. Alimkaribisha, akampa kiti kilichokuwa na mto, yeye akakalia kigoda. Alikuwa amevaa miwani mipya.

"Watu wa kanisa ndio walionipeleka kwa daktari wa macho," alisema. "Daktari akasema macho yangu ni mazima. Wakamwomba anipe tu, hata ya kupumzisha. Basi navaa." Akaunyoosha mkono mbele, akatazama vidole vyake. "Mchungaji naye alikuja kuniombea. Anadhani kuna kitu kilinifumba macho. Dada yangu anasema twende kwa mganga Kaloleni. Mimi sijui tena, kaka. Naamka asubuhi natazama ule mlango, najiuliza umefungwa au uko wazi. Nainuka naushika. Hapo ndipo najua."

Munga alikuwa ameshika kingo za kiti.

"Nataka kukuuliza wewe," Eddah akasema, "kwa sababu wewe ndiye uliyekichora. Kuna namna yoyote, hata ndogo, kile kitufe kionekane kimezama na hali hakijazama?"

Nje mtu alikuwa akipima mkaa kwa kopo, akihesabu kwa sauti. Munga alisubiri mpaka sauti ile ikafika saba.

"Hapana," akasema.

Eddah akatikisa kichwa taratibu, mara nyingi, kama mtu anayepokea habari alizokwisha kuzijua, kwamba mgonjwa wake hatapona. Kisha akavua miwani, akaifuta kwa leso, akaivaa tena.

"Asante kwa kuja," alisema. "Wengine hawakuja."

Sidi alimkuta nyumbani saa nane, amelala sakafuni chumbani, mkono umenyooka chini ya kitanda. Akaketi kando yake. Na hapo, kwa mara ya kwanza, Munga akasimulia yote: ile jioni, kidirisha, kitufe cha tatu, feri, karatasi, saini, miwani.

Sidi hakulia wala kupaza sauti. Aliuliza swali moja.

"Ulikiona kwa macho yako?"

"Mara moja tu."

"Kwa hiyo yule mama si mwongo wala hana pepo, na mtu pekee duniani anayejua hivyo ni wewe."

"Nikisema wataniuliza ushahidi. Nilijaribu mara ishirini, Sidi, kiko sawa."

"Basi jaribu mara mia mbili."

Alijaribu zaidi ya hizo. Alichukua likizo ya siku kumi, akakaa kwenye meza ya kulia chakula na laptopu yake, mbele ya programu ya kiwanda. Fungua kidirisha, funga, tazama. Kila jaribio alilitia alama kwenye daftari la chekechea ambalo Sidi alimpa. Siku ya nne ndipo alipokumbuka kwamba ile jioni printa ya ofisi ilikuwa ikifanya kazi kweli, si kwa kujaribu tu. Akaazima printa ya kanisa. Kompyuta ikiwa na kazi ya kuchapisha, ilichelewa kidogo mno, chini ya kufumba na kufumbua, na katika kuchelewa huko sakafu ilikiuliza kitufe kabla kitufe hakijawa tayari kujibu. Jaribio la mia tatu na arobaini na moja, saa nne asubuhi, Sidi akiwa kazini, Munga alikifunga kidirisha na kitufe cha tatu kikawa kimezama.

Hakugusa mausi. Alitazama. Kijani bapa, herufi nyeupe, SIMAMA, na pembeni yake hakuna kitu. Aliniambia kwamba kwa muda ule alihisi kuna mtu nyuma yake anayetazama naye, aliyeegemea karibu kiasi cha kumpumulia shingoni, na kwamba hakugeuka kwa sababu alijua ni nani. Alipiga picha kwa simu. Kisha akasogeza mausi, kivuli kikarudi, na nyumba ikawa tupu.

Griffin aliitazama ile picha kwa muda mrefu.

"Maze, rafiki yangu Munga," alisema hatimaye. "Ukitoa hii nje, hii ofisi imeisha. Wewe na mimi. Na yule jamaa harudi."

"Najua."

"Kufuli haikuwa yetu. Ni yao."

"Kufuli ni lao. Kivuli ni changu."

Griffin akamsihi wiki moja zaidi, waongee na wakili kwanza. Munga hakungoja. Alimwandikia hakimu barua ya ukurasa mmoja, akaipeleka mwenyewe kwa karani, akamwomba aiweke juu ya ile karatasi yenye saini yake.

Walimwita mwezi wa Juni. Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, chenye feni iliyokuwa ikilia. Eddah alikuwa upande mmoja na dada yake. Upande wa pili walikaa watu wa Nguma. Kaka yake mkubwa, Fondo, alikuwa amevaa koti zito kwenye joto lile. Munga aliiweka laptopu mbele ya hakimu, akaiunganisha na printa, akaeleza kivuli cha kitufe ni nini na kinachorwaje. Aliona nyuso zikichoka. Kisha akaanza. Alichapisha, akafunga kidirisha. Kivuli kipo. Akachapisha tena. Kipo. Mara ya nane hakimu akatazama saa yake. Mara ya kumi na moja wakili wa kiwanda akainuka nusu, akauliza kama mahakama inafundishwa kuchapisha.

"Naomba mara moja zaidi, mheshimiwa," Munga akasema, na jasho lilikuwa likimdondoka kwenye vitufe vya kuandikia.

Mara ya kumi na mbili kidirisha kikafungwa na kitufe cha tatu kikawa kimezama. Munga aliinua mikono yake miwili juu, mbali na kompyuta, kama mtu aliyeelekezewa bunduki, ili kila mtu aone hajagusa kitu. Hakimu akaondoka kwenye kiti chake akaja kuinama mbele ya kioo.

Eddah alikuwa amesimama. Alikuja mpaka pale, bila kuitwa, na hakuna aliyemzuia. Alivua miwani.

"Hivyo," alisema. "Hivyo ndivyo kilivyokuwa."

Akarudi akaketi kando ya dada yake.

Hakimu aliandika kwamba Eddah Mramba alisema kweli na hana kosa katika kifo kile. Aliandika kwamba kiwanda kilimtuma mtu kwenye mkanda bila kufuli, na kwamba programu ilikuwa na kasoro ambayo mtengenezaji wake aliwahi kuiona akainyamazia. Faili likapelekwa kwa waendesha mashtaka, na mpaka ninapoandika haya hakuna aliyeitwa. Griffin alifunga ofisi, akarudi Kisumu. Kiwanda kikarudisha swichi za ukutani. Eddah hawakumrudisha, naye alisema hata wangemwita asingekwenda.

Siku ile, nje ya mahakama, Munga alimsubiri Eddah kwenye ngazi. Alikuwa na maneno ameyaandaa tangu Machi.

"Dada Eddah, naomba..."

"Ulikuja kwangu," Eddah akamkatiza, bila hasira. "Ukakaa kwenye kiti changu. Nikakuuliza. Ukasema hapana."

"Nilisema."

"Basi." Akamshika dada yake mkono, wakateremka. Hawajaonana tena.

Mtu angetarajia kwamba baada ya hapo vile vivuli vingemwachia. Vilipungua. Leo anafundisha kompyuta katika chuo kidogo pale Likoni, na anaweza kutembea mchana. Lakini kuchora vivuli hawezi. Mkono unagoma. Wanafunzi wake wanachora vitufe bapa vyenye rangi kali na maandishi makubwa, wanadhani ni mtindo wa mwalimu.

Mwezi wa Agosti, siku ya Jumamosi, Fondo, kaka yake Nguma, alikuja nyumbani kwa Munga Shika Adabu na koti lake lile lile. Hakutaka kuketi.

"Mama anataka kukuona," alisema. "Hakusema kwa nini. Nami sikumwuliza."

Walikwenda pamoja mpaka Mwakirunge. Mama yake Nguma alikuwa ukumbini, juu ya mkeka, anapukuchua mahindi kwenye ungo. Alikuwa mdogo wa mwili, na mikono ya mtu aliyelima maisha yake yote. Munga akapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Aliendelea kupukuchua. "Wewe ndiwe uliyechora?"

"Ndimi, mama."

"Mwanangu aliweza kukiona hicho ulichochora, kule alikokuwa?"

"Hapana. Aliambiwa tu."

"Na yule aliyemwambia alikiona vibaya."

"Hapana, mama. Alikiona vilivyo. Mimi ndimi niliyekichora vibaya."

Mama alifikiri juu ya jambo hilo, na punje za mahindi zikawa zikianguka kwenye ungo. Kuku alikuja akanyakua moja, naye hakumfukuza. Kisha akaita ndani, akamwambia binti yake alete chakula. Ikaletwa sahani ya wari, ugali wa kwao, na mboga ya mchunga, sahani moja tu, ikawekwa mbele ya Munga. Yeye mama hakula, wala Fondo. Binti akamnawisha mikono.

"Kula," mama akasema. "Mwanangu aliambiwa tu, mimi nataka kuona mwenyewe."

Mchunga ulikuwa mchungu kama unavyokuwa ukipikwa bila nazi. Munga alimega tonge, akachovya, akala. Mama aliweka ungo chini, akakunja mikono mapajani, akamtazama. Hakumwondolea macho hata mara moja, tonge kwa tonge, mpaka sahani ikawa tupu.